Bagamoyo: Jina la Mji na Mzigo wa Historia

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii hufafanuliwa darasani kwa wepesi: asiyebeba hajui uzito. Pamoja na hayo, ni mahali pachache panapoidhihirisha kama Bagamoyo, mji mkongwe ulioko katika pwani ya Tanzania, yapata kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam. Huu ni mji ambao jina lake lenyewe linahusu kubwaga kilichobebwa.

Ziara za kimasomo za wanafunzi wa Kiswahili kutoka Kenya zinapovuka mpaka wa Lungalunga au Namanga, aghalabu huelekea kwanza Dar es Salaam na Unguja. Huko kuna mihadhara, maktaba na vikao na wataalamu. Bagamoyo huachiwa siku ya mwisho, wakati miguu imechoka na daftari zimejaa. Mji nao huwapokea wageni wake kwa upole. Mitaa ni myembamba, milango ina nakshi, na majahazi hulala ubavu mchangani maji yanapokupwa. Hakuna anayeharakisha. Kabla ya magharibi kila mgeni huwa amekwisha kuambiwa maana ya jina la mji, ameiandika, na ameiamini.

Makala haya yananuia kufafanua mambo matatu. Kwanza, kwa nini Bagamoyo ni mji mtulivu. Pili, jina lake limeundwa vipi na linaruhusu fasiri zipi. Tatu, mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kuuzuru mji huu kwa macho gani. Hoja inayoyaunganisha mambo haya ni kwamba utulivu wa Bagamoyo na utata wa jina lake vina chanzo kimoja, yaani kazi ya watu waliobeba mizigo. Mgeni anayeridhika na fasiri moja ya jina huwafuta baadhi ya watu hao katika historia bila kukusudia.

Chanzo cha utulivu

Mgeni anayeiona Bagamoyo leo anaweza kudhani kwamba imekuwa tulivu tangu jadi. Dhana hiyo si sahihi. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, mji huu ulikuwa miongoni mwa miji yenye shughuli nyingi zaidi katika Mrima, yaani pwani ya bara inayoelekeana na Unguja. Kabla yake, kitovu cha eneo hilo kilikuwa Kaole, kilomita chache kusini, ambako magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye minara yangali yanaonekana. Bagamoyo ilikua kwa sababu ilikuwa mwisho wa njia ndefu ya misafara iliyotoka Ujiji, katika ufuo wa Ziwa Tanganyika, ikapitia Unyanyembe karibu na Tabora, hadi baharini. Unguja ilikuwa ng'ambo tu ya mkondo wa bahari, na huko ndiko waliko wanunuzi wa pembe za ndovu.

Bidhaa hizo hazikusafirishwa kwa magari wala kwa wanyama. Mbung'o aliwaua ng'ombe, punda na farasi njiani. Kwa hivyo kila pembe na kila mtumba wa nguo ulipita kichwani au begani mwa mtu. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani kilo zipatazo 30. Wengi wa waliobeba walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliofanya kazi hiyo kwa ujira. Muda wa safari unaweza kukadiriwa kwa mfano wa Henry Morton Stanley, aliyeondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 na kufika Unyanyembe mwezi Juni. Wapagazi waliokuja pwani walipiga kambi mjini wakingoja malipo na mizigo ya kurudi nayo. Wafanyabiashara kama Sewa Haji Paroo, aliyefariki mwaka 1897, walitajirika kwa kuiandalia misafara bidhaa na wapagazi. Yeye anakumbukwa pia kwa kutoa mali yake ili kujenga hospitali na shule.

Ni nini basi kilichounyamazisha mji huo? Jibu la kwanza liko ufuoni. Bandari ya Bagamoyo ina kina kifupi. Jambo hilo halikuwa kasoro kwa jahazi, kwani jahazi huweza kukalia mchanga maji yakipwa na kuelea tena yakijaa. Meli ya mvuke haiwezi. Wajerumani, ambao walikuwa wameufanya mji huu makao yao makuu, walihamia Dar es Salaam mwaka 1891 kwa kuwa huko kulikuwa na bandari ya kina kirefu. Jibu la pili ni reli. Reli ya Kati ilianzia Dar es Salaam, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ilifuata takriban mkondo ule ule wa misafara, ila haikuishia Bagamoyo. Mpagazi hakuhitajika tena, na mji uliojengwa juu ya mabega yake ukabaki na majumba yake ya mawe.

Kwa mintarafu hiyo, utulivu unaowaburudisha wageni ni matokeo ya kupitwa. Mipango ya kuupa mji bandari kubwa haijakosekana. Mwaka 2013 makubaliano ya kujenga bandari ya kisasa Mbegani, kusini kidogo ya mji, yalitiwa saini baina ya Tanzania na Uchina, na mwaka 2019 mradi huo ukasimamishwa. Kati ya taasisi zilizoupa mji uhai mpya, iliyo karibu zaidi na taaluma ya Kiswahili ni chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho tangu 2007 kinajulikana kama Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo.

Umbo la jina

Jina Bagamoyo ni neno ambatani lenye kitenzi na nomino: bwaga na moyo. Muundo huu si mgeni katika Kiswahili. Ndio unaopatikana katika zimamoto na chemshabongo. Kudondoka kwa /w/ baada ya /b/ nako si ajabu. Mtu yeyote aliyesikia mazungumzo ya mtaani amesikia bwana ikitamkwa bana.

Suala linalostahili kuangaliwa kwa makini ni maana ya kitenzi. Kiswahili kina vitenzi viwili vya karibu kwa tendo la kuondoa mzigo mwilini. Anayetua mzigo huushusha kwa uangalifu, pengine akisaidiwa. Anayebwaga huuachilia ghafla ukaanguka kwa kishindo, ama kwa kuwa amechoka mno, ama kwa kuwa hajali tena utakavyoanguka. Waliolipa mji jina hawakusema Tuamoyo. Walichagua kitenzi cha mtu aliyefika ukomo wa nguvu zake.

Aidha, kitenzi hiki kina pande mbili katika matumizi yake. Kubwaga mzigo ni kupata nafuu. Kubwaga manyanga ni kukata tamaa na kuacha shughuli. Magazeti ya Kenya huandika kila uchaguzi kwamba fulani amembwaga mpinzani wake, na hapo anayebwagwa ndiye anayeumia. Nafuu na kushindwa, kwa hiyo, vimo pamoja ndani ya mzizi mmoja.

Nomino moyo nayo ina familia kubwa ya nahau. Mtu hutiwa moyo, huvunjika moyo, hupiga moyo konde, na moyo wake husuuzika. Katika nahau hizo moyo hutiwa kitu, huvunjwa au hutulizwa. Katika jina la mji huu moyo umefanywa mzigo, kitu kilichobebwa kutoka mbali hadi pwani. Sitiari hii ni ya mtu anayejua kazi ya kubeba.

Hatimaye, kitenzi kiko katika hali ya kuamrisha. Amri ya umoja katika Kiswahili haina kiambishi cha nafsi. Haimtaji msemaji wala haimtaji msemeshwa. Nomino nayo haina kimilikishi: si moyo wangu, si moyo wako. Linganisha na Shimoni, kijiji cha pwani ya Kwale ambacho wanafunzi wengi wa Kenya wamekizuru ili kuona mapango yake. Jina hilo ni nomino yenye kiambishi tamati -ni, nalo linaonyesha mahali tu. Bagamoyo ni kauli, na kila kauli ina aliyeitamka. Sarufi yake haimtaji, na hapo ndipo mjadala unapoanzia.

Nani alisema?

Kuna fasiri mbili zinazosimuliwa. Ya kwanza inasema kwamba wasemaji ni wapagazi. Baada ya miezi ya jua, kiu, maradhi na hofu ya kushambuliwa, waliiona bahari wakaambiana wabwage moyo: hapa ndipo mahali pa kupumzika, kulipwa na kucheza ngoma. Kwa fasiri hii, jina ni la furaha.

Fasiri ya pili inasema kwamba wasemaji ni watumwa. Walipofika ufuoni na kuyaona majahazi, walitambua kwamba hawatarudi kwao tena. Moyo waliubwaga pale, ukabaki bara, mwili ukavuka. Kwa fasiri hii, jina ni la kilio, na ndiyo inayosimuliwa kwa wingi zaidi kwa wageni.

Wanahistoria waliouchunguza mji huu wameitilia shaka fasiri ya pili, angalau kama maelezo ya asili ya jina. Steven Fabian, katika makala yake ya mwaka 2013 na kitabu chake cha 2019 kuhusu Bagamoyo, ameonyesha kwamba sifa ya mji kama bandari kuu ya watumwa imekuzwa mno, hasa katika shughuli za utalii. Bandari iliyopeleka watumwa wengi zaidi Unguja katika karne ya 19 ilikuwa Kilwa Kivinje, upande wa kusini. Njia ya Bagamoyo ilikuwa kwanza njia ya pembe za ndovu. Uchunguzi wa kitenzi uliofanywa hapo juu unaelekea upande huo huo: kubwaga ni neno la mwenye mzigo.

Hata hivyo, itakuwa kosa kuhitimisha kwamba utumwa haukuwapo. Watumwa walipita Bagamoyo, na wengine waliishi na kufanya kazi humo na katika mashamba ya karibu. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku mwaka 1873 kwa mkataba alioutia saini Sultani Barghash, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika hadi mwaka 1922. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni Bagamoyo mwaka 1868 na kuwaweka humo watu waliokombolewa utumwani, wakiwamo watoto wengi. Ikumbukwe pia kwamba mtu aliweza kuwa mtumwa na mpagazi kwa wakati mmoja, kwani baadhi ya mabwana waliwakodisha watumwa wao kwa misafara. Kwa mtu kama huyo, fasiri zote mbili zilikaa katika kifua kimoja.

Lililo hatarini ni zaidi ya etimolojia. Anayeshikilia fasiri ya watumwa pekee huwafuta maelfu ya watu huru waliouza nguvu zao, waliojadiliana ujira na waliogoma walipodhulumiwa. Anayeshikilia fasiri ya wapagazi pekee hugeuza mateso ya wengine kuwa kanda la usufi. Maelezo yanayonukuliwa kutoka kwa kiongozi wa watalii huingia katika ripoti ya ziara, kisha katika tasnifu, na baada ya miaka michache hutajwa kama ushahidi.

Wapagazi na lugha

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili kuna sababu mahususi ya kumkumbuka mpagazi. Kiswahili kilifika Tabora, Ujiji na mashariki mwa Kongo kabla ya shule na kabla ya serikali za kikoloni. Kilifika kwa misafara. Watu wa lugha mbalimbali walipiga kambi pamoja, walibishana, walifanya biashara, na waliporudi makwao walirudi na lugha hiyo.

Msamiati wa leo bado una alama za njia hiyo. Neno mpagazi lenyewe linahusiana na kupagaa, yaani kubeba begani, kitenzi ambacho kimetupa pia kupagawa: aliyepagawa amekuwa yeye mwenyewe chombo cha kubebea pepo. Posho ilikuwa riziki aliyopewa mpagazi ya kumwezesha kula njiani; leo ni marupurupu yanayozozaniwa katika ofisi na mabunge. Hongo ilikuwa ada iliyotozwa misafara na watawala wa bara ili iruhusiwe kupita katika nchi zao, ada iliyojulikana na kujadiliwa waziwazi. Leo ni jina la malipo ya siri yanayoadhibiwa na sheria. Mwanafunzi wa semantiki akitafuta mfano wa maana kushuka hadhi, hapo hana haja ya kwenda mbali.

Safari zilizokwisha na safari zisizokwisha

Bagamoyo imekuwa mwisho wa safari nyingi zinazojulikana, na si zote zilizokwisha kwa nafuu. Mnamo 24 Februari 1874 msafara ulifika ukiwa na maiti ya David Livingstone, aliyefariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao walikuwa wameubeba mwili huo kwa miezi mingi. Ulilazwa katika kanisa la misheni kabla ya kuvushwa Unguja na hatimaye kuzikwa London. Dunia inamkumbuka aliyebebwa, na majina mengi ya waliombeba hayatajwi.

Tarehe 4 Desemba 1889 Emin Pasha alifika mjini pamoja na Stanley kutoka bara. Usiku huo huo, katika karamu ya kumpongeza kwa kufika salama, alianguka kutoka ghorofani akavunjika fuvu, ingawa alipona. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 15 Desemba, Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani wa watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa Pangani. Vita hivyo, vilivyoanza mwaka 1888 na kuiharibu Bagamoyo vibaya, vimehifadhiwa katika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, kazi ambayo mwanafunzi wa ushairi hana udhuru wa kutoisoma.

Mkasa unaowahusu wasomi wa Kiswahili moja kwa moja zaidi ni wa Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alizaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, akasoma mjini humo. Simulizi ya safari yake ya Udoe na Uzigua ilichapishwa mwaka 1901 katika mkusanyiko Safari za Wasuaheli uliohaririwa na Carl Velten. Mwaka 1903 kikatoka kitabu Desturi za Wasuaheli, ambacho Mtoro ndiye mwandishi wake mkuu. Ndani yake mna malezi, ngoma, ndoa, sheria na utumwa, yote yakielezwa kwa Kiswahili na mwenyeji wa Mrima. Ni vigumu kuandika lolote la maana kuhusu maisha ya Waswahili wa wakati huo bila kukitegemea.

Wakati huo Mtoro alikuwa Berlin, akifundisha Kiswahili tangu mwaka 1900. Huko alimwoa mwanamke Mjerumani mwaka 1904. Mwaka uliofuata alifunga safari ya kurudi nyumbani na mkewe. Serikali ya koloni haikuvumilia ndoa ya Mwafrika na Mzungu katika nchi iliyoitawala, ikawazuia. Ikabidi warudi Ujerumani. Mtoro aliendelea kufundisha na kutoa mihadhara huko, akafariki Berlin mwaka 1927. Mtu aliyeieleza dunia desturi za mji wa kubwaga moyo hakupewa nafasi ya kuubwaga wake humo.

Namna ya kuizuru Bagamoyo

Kutokana na maelezo haya, yapo mambo machache ambayo chama cha wanafunzi kinaweza kuyazingatia kinapopanga ziara. La kwanza ni kusoma kabla ya kusafiri. Siku ya mwisho ya ziara si siku ya kuanza kujifunza, na anayefika akiwa ameipitia japo sura moja ya Desturi za Wasuaheli atayaona mengi asiyoonyeshwa.

La pili ni mpangilio. Ni bora kuanzia Kaole, kisha misheni na makumbusho yake, kisha Caravan Serai na Ngome Kongwe, na kumalizia ufuoni maji yakiwa yamekupwa. Kwa utaratibu huo mgeni huupitia mji kwa mfuatano wa nyakati, na akifika ufuoni atajionea mwenyewe sababu ya meli kuukwepa.

La tatu ni kuuliza. Kiongozi wa watalii anastahili heshima kwa kuwa ndiye mwenyeji, na kumuuliza chanzo cha maelezo yake si kumvunjia heshima. Wazee wa mjini nao wana masimulizi yao kuhusu jina. Inafaa yaandikwe jinsi yalivyosemwa, pamoja na tarehe na mahali, bila kulazimishwa yaafikiane na kilichomo vitabuni.

La nne ni kupumzika, na hili lisidharauliwe. Mji huu ulikuwa mahali pa kupumzikia kabla ya kuwa mahali pa utalii. Mwanafunzi anayeketi barazani jioni, akanywa kahawa na kuzungumza na wenyeji bila haraka, anafanya jambo ambalo wapagazi walilitamani kwa miezi mitatu ya njia.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba utulivu wa Bagamoyo unatokana na kukoma kwa misafara, kwamba jina lake ni amri isiyomtaja msemaji, na kwamba fasiri zote mbili za jina hilo zinabeba ukweli wa watu waliopita humo, ijapokuwa ushahidi wa lugha na wa historia unaelemea upande wa wapagazi. Jukumu la mwanafunzi wa Kiswahili ni kuzipima fasiri kwa ushahidi na kuyaandika matokeo kwa uaminifu, akijua kwamba anachokiandika leo kitasomwa na wenzake kesho. Chama kitakachoirejesha ziara yake na masimulizi ya wazee watatu yaliyonukuliwa kwa makini kitakuwa kimeifaa taaluma kuliko kitakachorudi na picha mia za milango.